Kutoka Sabarmati hadi Dandi: shajara ya njia ya chumvi

Jumanne, Ahmedabad

Ashramu ya Sabarmati, makao ya Gandhi na wafuasi wake, iko ukingoni mwa mto, chini ya miarobaini, na asubuhi hii uwanja umejaa wanafunzi waliokuja na walimu wao. Nyumba aliyoishi Gandhi inaitwa Hriday Kunj. Kuta nyeupe, paa la vigae, baraza pana. Ndani mna godoro sakafuni, dawati fupi la kuandikia ukiwa umekaa chini, na charkha, gurudumu la kusokotea uzi wa pamba.

Shuleni nilifundishwa uhuru wa India kama habari ya mzee mmoja aliyeinama ufukweni, akaokota chumvi, Mwingereza akafungasha virago. Kwa miaka mingi habari hiyo imenikereketa, kwa sababu imewafuta watu wengi mno. Kati ya nyumba hii na bahari ya Dandi kuna kilomita 385. Gandhi na wenzake walizitembea kwa siku 24, wakilala kijiji hadi kijiji, na nimekuja kuvitafuta vijiji hivyo. Nitatembea pale ninapoweza, penginepo nitapanda basi.

Kwanza, kwa nini chumvi. Desemba 1929 Chama cha Congress, kilichoongoza harakati za uhuru, kilikutana Lahore, Jawaharlal Nehru akiwa rais wake, kikaazimia kudai uhuru kamili. Tarehe 26 Januari 1930 watu walikusanyika nchi nzima kula kiapo cha uhuru huo. Baada ya kiapo likaja swali: tunaanzia wapi? Gandhi akasema chumvi. Sheria ya mwaka 1882 iliipa serikali peke yake haki ya kutengeneza na kuuza chumvi. Mtu wa pwani aliyekwangua chumvi iliyokauka mbele ya mlango wake alikuwa mhalifu, na kila aliyeinunua dukani, Mhindu au Mwislamu, tajiri au kibarua, alilipia kodi. Kibarua ndiye iliyemuumiza zaidi, maana anayetoka jasho shambani kutwa nzima haja yake ya chumvi ni kubwa kuliko ya bwana mkubwa kivulini.

Viongozi wenzake wengi hawakuelewa. Gazeti moja la Calcutta liliandika kwamba ni vigumu kujizuia kucheka. Lord Irwin, Makamu wa Mfalme, alisema suala la chumvi halimkoseshi usingizi.

Ni Irwin huyohuyo aliyekuwa ameandikiwa barua na Gandhi tarehe 2 Machi, iliyoanza kwa "Rafiki mpendwa" na kupelekwa na kijana Mwingereza, Reginald Reynolds. Ndani yake mna hesabu ambayo ningependa kila mwanafunzi wa historia aifanye mwenyewe: mshahara wa Irwin ulikuwa rupia 21,000 kwa mwezi, yaani zaidi ya rupia 700 kwa siku, wakati wastani wa kipato cha Mhindi haukufika ana 2 kwa siku. Rupia moja ni ana 16. Mtu mmoja alikuwa akipokea zaidi ya mara elfu tano ya kipato cha wale anaowatawala, na wao ndio waliomlipa. Irwin alijibu kwa mistari michache ya kusikitika.

Jioni nimekaa kwenye uwanja wa maombi, hapohapo ambapo jioni ya tarehe 11 Machi maelfu walikuja wakidhani Gandhi atakamatwa usiku. Alisema hatarudi kuishi hapa mpaka uhuru upatikane. Hakurudi.

Jumatano, Aslali

Walitoka saa kumi na mbili na nusu asubuhi tarehe 12 Machi 1930, nayo ilikuwa Jumatano. Nimetoka saa hiyohiyo.

Walikuwa wanaume 78 kutoka karibu kila pembe ya India. Gandhi alikuwa na miaka 60, na mdogo wao, Vitthal Liladhar Thakkar, alikuwa na 16. Manilal, mwana wa Gandhi, alikuja kutoka Afrika Kusini. Kharag Bahadur alikuwa mtu wa Nepal. Titus, Mkristo wa Kerala, alikuwa ndiye msimamizi wa mifugo ya maziwa ya ashramu. Khare, mwanamuziki, alibeba ala yake akaongoza nyimbo. Palikuwa na farasi wa kumbeba Gandhi akichoka. Hakumpanda.

Hapakuwa na mwanamke hata mmoja. Gandhi alikuwa na sababu zake: hakutaka ionekane kwamba wanaume wanajificha nyuma ya wanawake, Waingereza wasije wakasita kuwapiga. Kamaladevi Chattopadhyay, mwanaharakati wa haki za wanawake, alimwendea kumbishia uso kwa uso, na mimi niko upande wa Kamaladevi. Kodi ya chumvi iliingia kila jiko, na jikoni nani alikuwepo?

Njia ya kwenda Aslali sasa ni ya malori. Mji umeimeza. Pande zote maghala, gereji, vibanda vya chai na madereva waliolala chini ya magari yao. Nimetembea kando ya lami nikimeza vumbi, jua la Machi likinipiga kisogoni. Kufikia adhuhuri miguu ilikuwa imevimba, nikamalizia kipande cha mwisho kwa bajaji. Wao walilifanya hili kila siku, kwa awamu mbili, asubuhi na jioni, na Gandhi aliwaambia ni mchezo wa watoto. Waliamka saa kumi alfajiri. Kila mmoja alitakiwa kusali, kusokota uzi, na kuandika shajara. Usiku huu ninapoandika nawaza shajara zile, vijana wale na malengelenge yao, kila mmoja na taa yake.

Alhamisi, Dabhan na Nadiad

Basi limenishusha Dabhan mchana. Kijiji cha tumbaku na nyati wa maziwa.

Nilitaka kufika hapa hasa. Wenyeji wa Dabhan walimwandalia Gandhi mapokezi hekaluni. Akapita, akaenda moja kwa moja kwenye mtaa wa watu walioitwa wasioguswa, waliohesabiwa wa chini kabisa katika matabaka ya Kihindu, akateka maji kisimani kwao. Wale waliomwandalia mapokezi wasingeyagusa maji yale. Kijijini ambako kila mtu anajua kisima cha nani ni kipi, kitendo hicho kilikuwa kizito kuliko hotuba. Baadhi ya wakubwa walikasirika. Anayedai uhuru kwa Mwingereza huku amemfungia jirani yake kisima ana deni nyumbani, na Gandhi alilidai deni hilo hadharani, akijua litampunguzia watu. Dk. Ambedkar, kiongozi wa hao walioitwa wasioguswa, aliona kwamba hakulidai vya kutosha, na alikuwa na hoja. Lakini siku ile Dabhan lilidaiwa.

Nimelala Nadiad, mji aliozaliwa Vallabhbhai Patel, msaidizi mkubwa wa Gandhi, mwaka 1875. Mwaka 1918 wakulima wa wilaya hii ya Kheda walikataa kulipa kodi ya ardhi baada ya mavuno kuharibika, Gandhi na Patel wakiwa nao. Kwa hiyo mwaka 1930 vijiji hivi havikuwa vikijifunza. Vilikuwa na uzoefu wa miaka 12.

Ijumaa, Anand, Borsad na Ras

Siku iliyojaa kuliko zote.

Anand leo inajulikana kwa maziwa. Ushirika wa wafugaji wa wilaya hii, ulioanzishwa 1946, ndio uliozaa Amul, chapa maarufu ya maziwa, na mwenyekiti wake wa kwanza, Tribhuvandas Patel, alikuwa amefungwa jela katika harakati hizi za chumvi. Mambo haya mawili hayako mbali. Watu waliojifunza kukataa pamoja walijifunza pia kuuza pamoja.

Borsad nimepita tu. Mwaka 1923 serikali iliwatoza wakazi wake kodi ya kuwalipa polisi wa ziada, eti kwa sababu ya majambazi. Patel akawapanga wasilipe, na mwaka uliofuata kodi ikafutwa.

Ras ndiko nilikokaa mpaka jua likazama. Tarehe 7 Machi 1930, siku chache kabla ya safari kuanza, Vallabhbhai Patel alikamatwa katika kijiji hiki alipokuwa akiandaa njia. Serikali ilidhani ikikata kichwa mwili utaanguka. Njia nzima majumbe wa vijiji walianza kumkabidhi Gandhi barua za kujiuzulu. Jumbe ndiye aliyekusanya kodi, aliyepeleka taarifa, aliyejua nani anasema nini. Serikali ya kikoloni haikuwa na Waingereza wa kutosha kuweka mmoja katika kila kijiji, ilikuwa na majumbe. Mwenye mababu Tanganyika analijua hilo bila kufafanuliwa.

Mwenye duka la vinywaji alipojua nimetoka Tanga alinishika mkono akanivusha barabara hadi nyumba yenye kibaraza cha mbao. Bibi mmoja wa sari nyeupe alikuwa akichambua mchele.

"Shikamoo, mama."

Aliinua kichwa taratibu. "Marahaba. Umetoka wapi, mwanangu?"

"Tanga, mama."

"Tanga! Kaa. Kunywa chai kwanza, maneno baadaye."

Alizaliwa Mwanza, babake akiwa na duka la kanga na mafuta ya taa. Kutoka eneo hili la Charotar familia nyingi za akina Patel zilivuka bahari kuja kwetu, na nyingine zikarudi. Kiswahili chake ni cha kanda ya ziwa, safi kabisa, kina "yaani" nyingi na kicheko katikati. Mamake ndiye alikuwa wa Ras.

Akanieleza kile ambacho vitabu vyangu vya shule havikuwa nacho. Baada ya Gandhi kupita, Ras ilikataa kulipa kodi ya ardhi. Serikali ikachukua mashamba na mifugo, polisi wakapiga watu. Basi familia zikapakia mali kwenye mikokoteni zikahamia ng'ambo ya mpaka, kwenye vijiji vya mfalme wa Baroda, ambako polisi wa Kiingereza hawakuwa na amri. Mamake alikuwa mtoto wa miaka sita, amekaa juu ya magunia, nyati wao amefungwa nyuma ya mkokoteni.

"Mama alisema waliishi chini ya makuti, mvua ikawanyeshea," alisema. "Mashamba walirudishiwa baada ya miaka mingi. Wengine walikuwa wameshakufa."

Nikamuuliza kama mamake aliwahi kumwona Gandhi.

"Alimwona. Alisema anatembea haraka sana, watoto wanakimbia kumfuata." Akacheka. "Lakini nyati ndiye alimkumbuka zaidi."

Ilimlazimu mtu mmoja kuokota chumvi, sawa. Lakini kijiji hiki kilipoteza ardhi. Sioni ni kwa haki gani tumeandika jina moja na kuliacha la pili.

Jumamosi, Kankapura

Usiku wa tarehe 19 Machi walivuka mto Mahi hapa. Kwa mtu wa pwani mahali hapa ni rahisi kuelewa: mto unakaribia bahari, maji yanakupwa na kujaa, na yakikupwa yanaacha tope pana. Walisubiri maji usiku kwa sababu ya mashua, na bado ilibidi waukanyage udongo kwa miguu, tope likiwafika magotini, Gandhi akiwa katikati yao. Watu walisimama ukingoni na taa.

Nimeshuka hadi pale ardhi inapoanza kunata, nikaishia hapo. Kisha nikazunguka kwa barabara.

Jumapili, Jambusar hadi Bharuch

Joto kali, mashamba ya pamba, basi limejaa. Jambusar ndipo Motilal Nehru na mwanawe Jawaharlal walipomfuata Gandhi njiani. Hapo mzee Motilal, mwanasheria tajiri ambaye zamani maisha yake yalikuwa ya anasa, aliamua kuitoa nyumba yake kubwa ya Allahabad iwe mali ya taifa. Jawaharlal aliandika baadaye jinsi alivyomwona Gandhi akiondoka, fimbo mkononi, mbele ya wenzake.

Bharuch nimefika usiku. Nimevuka Narmada juu ya daraja la chuma la 1881.

Jumatatu, Bhatgam

Jumatatu Gandhi hakuzungumza. Ilikuwa siku yake ya kunyamaza, na msafara ulipumzika.

Bhatgam ni kijiji kidogo, na wanaofuata njia hii wengi hukipita. Kwangu ni kituo kikuu. Jioni ya tarehe 29 Machi, wakiwa wamebakiza siku chache tu, umaarufu umepanda, waandishi wa habari wamejaa, Gandhi aligundua kwamba watu wake wanakula vizuri mno. Maziwa yaliletwa kwa gari kutoka Surat. Matunda na mboga vilikuwa tele. Usiku vibarua maskini walitembea na taa nzito za mafuta vichwani kuwaangazia njia, wakihimizwa wasichelewe.

Akasimama mbele ya umati akajishtaki yeye na wenzake. Alikumbusha barua yake kwa Irwin. Nimemwandikia mtu kwamba mshahara wake ni wizi juu ya maskini, alisema kwa maana hiyo, nami naishi kwa gharama ambayo maskini hawezi kuifikia. Nitakuwa na haki gani ya kumlaumu? Wasikilizaji walilia. Akaamuru taa za kubebwa vichwani ziondolewe na chakula kipunguzwe.

Nimesoma habari za viongozi wengi wa uhuru, wa kwetu na wa kwingine. Wachache walisimama hadharani, kabla ya ushindi, wakakagua hesabu zao wenyewe za matumizi. Wengi walingoja mpaka wakaguliwe na wengine, baada ya ikulu, na wakati huo gari na taa vimeshakuwa desturi. Nimekaa kwenye benchi la kituo cha basi hapa karibu saa nzima na nimeyawaza haya kwa uchungu.

Jumanne, Surat na Navsari

Surat asubuhi: makaburi ya Waingereza. Ndugu wawili wa ukoo wa Oxenden wamelala chini ya kuba kubwa za mtindo wa wafalme wa Kimughal. George Oxenden alikufa 1669. Hapa ndipo Kampuni ya Waingereza ya India Mashariki ilipofungua kituo chake cha kwanza cha kudumu cha biashara nchini India, miaka ya 1610, kwa kibali cha mfalme Jahangir. Walikuja kuomba ruhusa ya kununua vitambaa. Miaka 300 baadaye mwenyeji anahitaji ruhusa yao kuokota chumvi.

Navsari jioni, mji wa Waparsi. Hapa alizaliwa Dadabhai Naoroji mwaka 1825, aliyechaguliwa kuwa mbunge Uingereza mwaka 1892 na aliyetumia maisha yake kuonyesha kwa tarakimu jinsi utajiri wa India unavyovujia London: mishahara, pensheni, faida, gharama za majeshi. Hesabu ya Gandhi kwa Irwin imeota kwenye shamba la Dadabhai.

Jumatano, Dandi

Nimetembea kutoka Navsari alfajiri, na leo miguu imekubali.

Dandi ni ufukwe mpana na tambarare, maji yakikupwa bahari inaenda mbali sana. Walifika tarehe 5 Aprili 1930. Gandhi aliandika siku hiyo kikaratasi kwa mkono wake: anataka huruma ya ulimwengu katika vita hii ya haki dhidi ya mabavu. Asubuhi ya tarehe 6, baada ya kuoga baharini, akaokota donge la chumvi na tope. Polisi walikuwa wameivuruga chumvi ya ufukweni ili asiipate. Sarojini Naidu, mshairi, alikuwepo.

Nyumba aliyolala inaitwa Saifee Villa, na sasa ni makumbusho. Ilikuwa mali ya Syedna Taher Saifuddin, kiongozi wa Mabohora, jamaa zetu wa Mombasa, Unguja na Dar es Salaam wenye maduka ya vyuma. Hatimaye alilikabidhi taifa la India nyumba hiyo.

Karibu na hapo kuna kumbukumbu kubwa iliyofunguliwa Januari 2019, yenye sanamu za watembeaji 80, maana wawili waliongezeka njiani. Nimefurahi kwamba kila mmoja amechongewa sura yake. Kuta 24 zinasimulia siku 24. Nilimtafuta Thakkar wa miaka 16, nikakaa naye kidogo.

Alhamisi, Karadi na Dharasana

Karadi, kijiji jirani, Gandhi aliishi kwenye kibanda cha makuti ya mtende. Usiku wa manane kuamkia tarehe 5 Mei hakimu wa Surat alikuja na askari wenye silaha, akammulika tochi usoni. Walimkamata kwa kanuni ya mwaka 1827, ili asifikishwe mahakamani. Aliomba kupiga mswaki. Khare akaimba, wakaondoka naye kwenda jela ya Yerwada.

Nimeshuka kusini yapata kilomita 40 hadi Dharasana, kwenye majaruba ya chumvi yaliyokuwa ya serikali. Abbas Tyabji, jaji mstaafu mwenye zaidi ya miaka 70, alishika uongozi akakamatwa. Akafuata Sarojini Naidu. Mombasa inamjua: Januari 1924 alikuja kuongoza mkutano wa Congress ya Wahindi wa Afrika Mashariki, akawatetea waliokuwa wakibaguliwa na walowezi wa Kenya.

Tarehe 21 Mei 1930 aliwaongoza watu wapatao 2,500 kutoka Gujarat yote. Aliwaambia watapigwa, wasiinue hata mkono kujikinga. Manilal Gandhi alikuwa mstari wa mbele. Walisonga kimya kuelekea waya na mitaro ya majaruba, kundi kwa kundi, na polisi wakawashukia kwa marungu ya mianzi yenye ncha za chuma. Waliosimama nyuma waliona wenzao wanaanguka, kisha zamu yao ikafika, wakatembea. Mwandishi Mmarekani, Webb Miller, alikuwepo. Kwenye kibanda kilichofanywa hospitali alihesabu majeruhi 320, wengi bado hawajitambui, na maiti wawili. Taarifa yake ilichapwa na magazeti zaidi ya elfu moja duniani. Naidu alikamatwa siku hiyohiyo, na majaribio ya kuyaingia majaruba yakaendelea bila yeye.

Mwaka ule zaidi ya watu 60,000 walifungwa. Machi 1931 Gandhi na Irwin waliafikiana: wafungwa wakaachiwa, na wakazi wa vijiji vya pwani wakaruhusiwa kukusanya chumvi ya matumizi yao. Kodi yenyewe ilibaki. Wahindi wengine wote waliendelea kuilipa hadi 1947, serikali ya mpito ilipoifuta miezi michache kabla ya bendera ya Uingereza kushushwa.